Oili Inavuja Wapi? Somo la Kutafiti Dhamiri



Kuna swali ambalo frateri yeyote akikaa na vijana kwa muda atalisikia: "Frateri, naungama dhambi ileile kila mara. Nikitoka kanisani niko safi, wiki mbili baadaye niko palepale. Sasa kuna faida gani kurudi?" Na huyo anayeuliza ana nafuu. Wapo wasiouliza. Wanaacha tu kwenda kuungama, kimyakimya. Dominika wanakaa benchi la nyuma, na wakati wa Komunyo utamwona mtu anatoka nje kama vile amepigiwa simu.

Somo la leo ni kwa ajili ya huyo anayetoka nje. Na nitalifundisha kwa pikipiki, kwa sababu wengi wetu tunaijua, na wengine ndiyo inayotulisha.

1. Palipolowa sipo panapovuja

Kwenye parokia niliyofanyia mwaka wa kichungaji kulikuwa na pikipiki ya kwendea vigangoni. Kila asubuhi chini yake palikuwa na tone la oili, upande wa kushoto, karibu na pedali ya gia. Fundi wa kwanza alipoona pamelowa hapo, alibadilisha sili ya sproketi ndogo. Tone likabaki. Akabadilisha washa ya nati ya kumwagia oili. Tone likabaki. Hela ikaenda, na oili ikaendelea kupungua.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu, hakushika spana kwanza. Aliomba brashi, mafuta ya taa na sabuni. Injini ikiwa imepoa, akaisugua mpaka ikang'aa, akaikausha vizuri. Kisha akachukua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, akaipaka kwenye injini yote. Akaniambia, "Frateri, nenda nayo mpaka kigangoni, urudi taratibu. Usiifute."

Niliporudi tukachuchumaa pamoja na tochi. Kwenye ule weupe wa poda kulikuwa na mchirizi mmoja mwembamba, mweusi. Haukuanzia kwenye pedali ya gia. Ulianzia juu kabisa, kwenye kifuniko cha tapeti, ukateremka kwenye mapezi ya bloku, upepo ukausukuma nyuma, mwisho ukadondokea kule chini tulikokuwa tunapalaumu siku zote.

Sheria yake ni rahisi. Oili inateremka kwa uzito wake, na pikipiki ikitembea upepo unaipeleka nyuma. Kwa hiyo usiangalie tone linapodondokea. Tafuta sehemu ya juu zaidi na ya mbele zaidi iliyolowa. Hapo ndipo uanze kuuliza.

Waliosoma falsafa watatambua jambo hapa. Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kuna namna ya kuthibitisha inayoanzia kwenye tokeo na kupanda hadi kwenye chanzo, kwa sababu mara nyingi tokeo ndilo tunalolijua kwanza. Ndivyo anavyopanda kutoka viumbe hadi kwa Mungu. Fundi naye anapanda hivyohivyo kutoka tone hadi gasketi. Na wewe unaweza kupanda hivyo kutoka dhambi hadi pale ilipoanzia.

2. Daudi juu ya dari

Fungua Biblia, kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 11. Tukiulizwa dhambi ya Daudi ni ipi, tutasema: alizini na Bathsheba, akamuua Uria. Sawa kabisa. Lakini hilo ndilo tone lililodondoka. Hebu tufuate mchirizi kurudi juu.

Uria anauawa vitani kwa barua ya mfalme, barua ambayo ameibeba yeye mwenyewe kumpelekea Yoabu. Kwa nini auawe? Kwa sababu Daudi ameshindwa kuificha mimba. Mimba imetoka wapi? Kwenye uzinzi. Kabla ya uzinzi? Alituma watu kuulizia habari za mwanamke yule, akaambiwa waziwazi kwamba ni mke wa mtu, akaendelea. Kabla ya hapo? Alimwona akioga, na hakugeuza macho. Kabla ya hapo? Ilikuwa jioni, ameamka kitandani, anatembeatembea juu ya dari la jumba lake. Na mstari wa kwanza wa sura unasemaje? Ulikuwa ni wakati wafalme wanapokwenda vitani. Jeshi lake lilikuwa uwanjani. Yeye alibaki Yerusalemu.

Biblia haisemi kwamba kubaki nyumbani ni dhambi. Ila mwandishi ametupangia mambo hatua kwa hatua, na msomaji makini anaona kwamba mauaji yale hayakuanza na barua. Mchirizi umeanzia juu, kwa mtu asiyekuwa mahali pake, asiye na la kufanya, macho yako huru.

Sasa jiulize: kama Daudi angeazimia tu "sitaandika tena barua ya kuua mtu," angekuwa amebadilisha sili ya sproketi. Oili ingetokea kwingine.

3. Fuata mawazo kurudi nyuma

Mt. Inyasi wa Loyola ana shauri hilihili kwenye Mazoezi ya Kiroho, namba 333 na 334. Anasema tuangalie mwendo mzima wa mawazo yetu: mwanzo, katikati na mwisho. Na mtu akishagundua kwamba adui amemwingiza mahali pabaya, arudi nyuma kwa utulivu, hatua kwa hatua, aone lile wazo lilianza vipi, amani yake ilianza kupungua wapi. Lengo lake ni mtu ajifunze njia za adui, ili safari nyingine ajilinde mapema. Kukaa kujihukumu siyo lengo.

Tuchukue mfano wa kawaida. Kijana anaungama kuangalia picha chafu usiku. Anaazimia: "Sitaangalia tena." Azimio ni zuri, lakini limewekwa palipolowa. Tufuate mchirizi. Saa sita usiku aliangalia. Saa tano alikuwa anapekua simu tu, bila kutafuta kitu. Kwa nini hakulala? Hakuwa na usingizi, kichwa kimejaa. Kimejaa nini? Jioni alisemwa vibaya nyumbani kwamba amemaliza chuo na hana kazi. Hakumjibu mtu, hakusali, hakuongea na rafiki. Alijifungia chumbani na simu.

Umeona? Tone limedondoka saa sita usiku, ila gasketi imeanza kuvuja saa moja jioni. Na saa moja jioni vita ni nyepesi kuliko saa sita usiku.

4. Mpira wa kupumulia

Tulipoiona gasketi, mimi nilidhani kazi imeisha. Yule mzee akatikisa kichwa. "Hii gasketi imesukumwa," akasema. Akafuata mpira wa kupumulia wa injini, ule unaoenda kwenye boksi la hewa. Ulikuwa umekunjika na kuziba kwa tope.

Alinieleza hivi. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, na mvuke unajikusanya ndani ya injini. Hewa hiyo lazima ipate njia ya kutokea. Ukiziba njia, presha inapanda na kuisukuma oili kwenye sehemu iliyo dhaifu zaidi. Leo ni kifuniko cha tapeti. Ukikiimarisha hicho, kesho ni sili ya klachi. Mzee akabadilisha gasketi na kuuzibua mpira, vyote viwili. Chini pakawa pakavu.

Hapa mapokeo ya Kanisa yana neno la kutuambia. Katekisimu namba 1866 inataja vichwa vya dhambi: majivuno, uchoyo, kijicho, hasira, uzinzi, ulafi na uvivu. Vinaitwa vichwa kwa sababu vinazaa dhambi nyingine. Mt. Gregori Mkuu aliorodhesha hata "watoto" wa kila kimoja. Na kwa ule uvivu, ambao kwa kweli ni huzuni ya roho inayochoka na mambo ya Mungu, mmoja wa watoto aliowataja ni kutangatanga kwa akili. Papa yule aliishi karne ya 6, hakuna simu wala bando, na bado ametuelezea saa tano yetu ya usiku.

Basi yule kijana wetu, huenda shida yake kubwa siyo tamaa. Huenda ni huzuni iliyokosa njia ya kutokea. Roho yake haipumui. Sala ndiyo mpira wa kupumulia: kumwambia Mungu jambo lilivyo, hata kwa kulia, hata kwa kulalamika kama zaburi nyingi zinavyolalamika. Pamoja na sala, kuongea na padre au mtu mzima unayemwamini.

5. Tahadhari tatu

Ya kwanza: usisubiri ujue chanzo ndipo uende kuungama. Hakuna fundi anayesema "usiongeze oili mpaka nijue inavuja wapi." Utaua injini. Ondoleo la dhambi ni la kweli, hata kama hujajielewa bado. Katekisimu namba 1459 inafundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi, lakini haliponyi kasoro zote zilizoletwa na dhambi. Kwa hiyo kurudia kuanguka hakumaanishi kwamba ungamo la mwanzo lilikuwa la bure. Dhambi ilisamehewa kweli. Kinachobaki ni matengenezo, na neema ya sakramenti hiyohiyo ndiyo inayokupa nguvu za kuyafanya.

Ya pili: siyo kila palipolowa pamevuja. Pengine ni oili ya cheni imerushwa, pengine ni maji ya mvua. Fundi anagusa, ananusa, ndipo anasema. Vilevile kishawishi siyo dhambi. Wazo lililopita kichwani nawe ukalikataa siyo dhambi. Kama kila siku unafungua injini nzima kutafuta kosa na hupati amani, hiyo ni hofu ya dhamiri. Chagua padre mmoja muungamishaji, umweleze, umtii.

Ya tatu: usipake silikoni kila mahali. Wapo mafundi wanaojaza gundi ya gasketi kila kiungo, na ikizidi, vipande vinakatika ndani na vinaweza kuziba njia za oili. Ndivyo walivyo vijana wanaoweka maazimio 15 kwa siku moja: rozari nne, kufunga siku tano, kufuta programu zote kwenye simu. Wiki ya pili wamechoka, wameacha hata sala ya asubuhi. Mt. Inyasi alishauri kushughulika na kasoro moja kwa wakati, ukiweka alama kila inapotokea, na kulinganisha siku na siku, wiki na wiki.

6. Zoezi la wiki hii

Chukua dakika kumi kila usiku, kabla simu haijakuchukua wewe. Hatua ni tano, kwa mpangilio wa Mt. Inyasi mwenyewe:

Kwanza, mshukuru Mungu kwa jambo moja la leo, ulitaje.
Pili, omba mwanga. Mtunga Zaburi ya 139 anamwomba Mungu amchunguze moyo. Nawe omba hivyo. Hii ndiyo poda. Usiku mtupu huoni mchirizi.
Tatu, pitia siku tangu asubuhi. Ukikuta tone, usisimame hapo. Uliza: kabla ya hapo nilikuwa wapi? Na kabla ya hapo? Simama pale amani ilipoanza kupungua.
Nne, omba msamaha.
Tano, weka azimio moja la kesho, nalo liweke pale juu. Kwa kijana wetu lingekuwa hivi: "Nikisemwa vibaya jioni, kabla ya kushika simu nitakaa dakika tano na Yesu, kisha nitampigia rafiki yangu."

Fanya siku saba, kisha nenda kaungame. Ukimweleza padre ile dhambi, mwambie pia ulipoona mchirizi unaanzia. Atakusaidia zaidi ya ulivyozoea.

Na wewe unayetoka nje wakati wa Komunyo: rudi. Yesu hajachoka. Sisi ndio tunaochoka kuomba.

Tusali: Ee Bwana, wewe unaijua mioyo yetu kuliko sisi wenyewe. Tuonyeshe pale tunapoanza kukuacha, na utupe ujasiri wa kuanzia hapo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.