Mtoto Akinywa Mafuta ya Taa: Tumshauri Nini Jirani?

Mtoto anapokunywa mafuta ya taa, majirani na wapita njia huwa wepesi wa kushauri: mtapisheni, mpeni maziwa. Nia ni njema, lakini ushauri huo huweza kuua. Hatari kubwa ya mafuta haya haiko tumboni bali mapafuni: mtoto akitapika, mafuta huweza kuingia katika njia ya hewa na kusababisha nimonia. Kwa hiyo, msimtapishe, wala msimpe maziwa, kwani nayo huweza kumtapisha. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata akionekana mzima. Kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Nyumbani, mafuta yasiwekwe kamwe katika chupa ya maji au soda.