Si Kila Magamba ni Mapunye: Tuijue Lami Inayotibu Ngozi

Ukiingia famasi kuulizia dawa ya mba sugu, unaweza kupewa shampuu ya kahawia yenye harufu kali kama ya nguzo mpya ya umeme. Ukisoma lebo, unakuta ndani yake mna lami ya makaa ya mawe. Wengi hapo hapo wanairudisha: lami si ya barabarani?

Siyo. Lami ya barabarani siku hizi hutokana na mafuta ghafi. Hii ya dawa hutoka kwenye makaa ya mawe, kama yale ya Ngaka kule Ruvuma, yakipashwa joto kali pasipo hewa. Mvuke wake ukipoa, sehemu yake hugeuka uji mweusi mzito. Uji huo husafishwa, kisha huchanganywa kwa kiasi kidogo kwenye shampuu, losheni au marhamu. Marekani, dawa za aina hii zinazouzwa bila cheti cha daktari huwa na lami ya asilimia 0.5 hadi 5.

Inafanyaje kazi?

Chukua mfano wa soriasisi. Seli ya ngozi kwa kawaida huchukua kama mwezi mmoja kuzaliwa, kupanda juu na kubanduka. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili huichochea ngozi mpaka safari hiyo inaisha kwa siku chache tu. Seli zinarundikana, na ndiyo yale magamba meupe juu ya ngozi iliyovimba. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mara nyingi utaona zambarau au kahawia iliyokolea.

Lami hupunguza kasi hiyo, hulegeza magamba na kutuliza muwasho. Mwaka 1925 daktari William Goeckerman wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza tiba ya kuunganisha lami na mionzi ya urujuanimno. Mwaka 2013 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba kwenye pumu ya ngozi lami huamsha kipokezi kilicho ndani ya seli, nazo zikaanza kujenga upya ukuta wa ngozi.

Na saratani je?

Hofu hii ina msingi. Mwaka 1915 Wajapani Yamagiwa na Ichikawa walipaka lami masikio ya sungura kwa miezi mingi hadi yakaota saratani. Lakini utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 13,000 wa soriasisi na ukurutu, haukukuta saratani zaidi kwa waliotibiwa kwa lami kuliko waliotumia steroidi za kupaka. Kwa hiyo, tumia kwa kipimo na kwa muda ulioelekezwa.

Kabla hujatoa hela

Kwanza, ujue unatibu nini. Mapunye ni fangasi, yanahitaji dawa ya fangasi ya kumeza, lami haiyaponyi. Na kinyume chake pia ni kweli. Nikiwa mazoezi ya kufundisha, mwalimu mmoja alimtoa mtoto mbele ya paredi, akamwamuru akanyoe "mapunye hayo." Mtoto akanyoa, magamba yakabaki, na wenzake wakakataa kukaa naye dawati moja. Zahanati iliwapeleka hospitali, wakaambiwa ni soriasisi, ambayo haiambukizi hata kidogo. Nilipomaliza mazoezi yangu, bado alikuwa anakaa peke yake.

Pili, fuata lebo. Shampuu ipakwe kwenye ngozi ya kichwa, siyo kwenye nywele tu, iachwe dakika zilizoandikwa, kisha isuuzwe. Ngozi iliyopakwa ikingwe na jua kwa saa 24, maana huungua upesi. Usipake kwenye kidonda au penye usaha. Mjamzito aulize daktari kwanza. Na usivae shati jeupe: lami hutia doa. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, muone daktari wa ngozi.

Wanafunzi wenzangu wa ualimu, tutakutana na vichwa vingi vya watoto. Ukiona magamba, zungumza na mzazi pembeni, mtoto apimwe kwanza. Na kama rumeti wako ana soriasisi, kaa naye, kula naye, hutaambukizwa.