Msongamano, Mtiririko na Foleni: Istilahi Tatu za Kukadiria Mwendo wa Magari

Makala haya yanachunguza istilahi tatu ambazo mwanafunzi wa takwimu akizichanganya, hesabu yake huharibika. Mtangazaji wa redio asemapo kuna msongamano katika Barabara ya Thika, ana maana magari yamekwama. Mwalimu wa Jiografia asemapo msongamano wa watu, ana maana ya idadi kwa kila kilomita mraba, hata watu hao wawe wachache. Mhandisi anahitaji maana hii ya pili: ni magari mangapi yamo katika kilomita moja ya barabara? Mtiririko nao ni idadi ya magari yanayopita mahali pamoja kwa saa, na hupatikana kwa kuzidisha msongamano kwa kasi.

Mwaka 1935, Bruce Greenshields wa Marekani, aliyepiga picha za magari barabarani huko Ohio, alieleza uhusiano wa kasi na msongamano kwa mstari ulionyooka: magari yakizidi, kasi hupungua. Mstari huo ulitegemea nukta chache mno, lakini ungali unafundishwa. Tuchukue barabara ambayo kasi yake ya juu ni kilomita 80 kwa saa, na ambayo magari husimama kabisa yafikapo 100 kwa kilomita. Yakiwa 25, kasi ni 60 na mtiririko ni 1,500. Yakiwa 75, kasi ni 20, na mtiririko ni 1,500 vilevile! Abiria wa kwanza anasafiri. Wa pili yumo kwenye foleni.

Mbinu za ujifunzaji wa mashine hazihitaji mstari huo. Mtandao wa neva bandia hulishwa data za vihisio, ukatafuta ruwaza wenyewe. Hata hivyo, ukipewa hesabu moja tu ya magari yanayopita, hauwezi kubainisha hali hizo mbili; sharti upewe na kasi. Aidha, data nyingi wanazotumia watafiti hutoka barabara kuu za California, zisizo na matatu inayosimama ghafla kupakia abiria.

Kwa hiyo napendekeza msongamano ubaki na maana ya Jiografia, nasi Wakenya tuazime foleni ya wenzetu wa Tanzania kwa magari yaliyokwama. (Jamu tuiachie mkate.) Katika jaribio la Wajapani lililochapishwa mwaka 2008, magari 22 yalizunguka duara la mita 230 bila kizuizi chochote, na bado yakakwama. Mfasiri wa jaribio hilo hana budi kuandika kwamba msongamano ulizaa foleni.