Majina kwenye Ramani: Kompyuta Ipange, Mchoraji Aamue

Swali: Kwa nini kupanga majina kwenye ramani huisumbua hata kompyuta?

Jina moja linaweza kukaa sehemu kadhaa kuzunguka alama yake. Chukua miji 10 tu, kila mmoja na nafasi 8: mipangilio inayowezekana inapita bilioni moja. Kwa hiyo programu haijaribu yote. Hutafuta mpangilio wa kuridhisha, ambao majina machache tu yanagongana.

Swali: Inajuaje nafasi ipi ni nzuri?

Hufuata kanuni za wachoraji wa mkono. Mswisi Eduard Imhof alizichapisha mwaka 1962: jina la mji likae kulia, juu kidogo ya alama, la mto lifuate mkondo, la mji wa pwani au wa ziwani liandikwe majini. Mwaka 1972, Pinhas Yoeli alionyesha namna ya kuzifanya hatua za kompyuta.

Swali: Sasa mtaalamu anabaki na kazi gani?

Kuamua kipi kiachwe nafasi isipotosha. Tazama mji wa Kigoma, ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki. Ukilipeleka jina kulia, linaangukia nchi kavu, upande inakopita reli. Ukilipeleka kushoto, liko ziwani, lakini mpaka wa Kongo unapita katikati ya ziwa. Kwenye ramani ya 1:2,000,000, Ziwa Tanganyika lenye upana wa kilomita 50 hivi ni milimita 25 tu; upande wa Tanzania unapata kama 12. Herufi zikizidi kidogo, Kigoma inavuka mpaka.

Jirani yake ni Ujiji, mji wa kale wa misafara. Programu inayopanga kwa hadhi ya kiutawala inaweza kulifuta jina hilo bila kusita. Kwenye ramani ya njia za misafara, hilo ndilo la mwisho kufutwa.

Swali: Nikisogeza jina kwa mkono, programu haitalirudisha?

Ukilisogeza ndani ya programu, halirudi. QGIS, ambayo ni ya bure, huhifadhi mahali ulipoliweka na kuyapanga mengine kwa kulikwepa. Anza kwa kuipa daraja za umuhimu, iache ipange, kisha iambie ikuonyeshe majina yaliyokosa nafasi. Hayo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Ukibadili kipimo cha ramani, pitia upya yote uliyoyasogeza: nafasi iliyofaa kwenye ramani ya mkoa inaweza kuwa kero kwenye ramani ya nchi.