Gusa Kile Kiduara: Kazi za Play Store Ambazo Wengi Hawazijui

Mwezi uliopita jirani yangu, fundi cherehani, alikuja barazani kwangu na simu mkononi na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. "Mwalimu, hii simu imeshakufa. Mteja kanitumia picha ya mshono, haifunguki. Kila nikigusa inaniambia nafasi haitoshi." Alikuwa ameshafuta picha za harusi ya mwanawe ili apate nafasi, na bado simu ilimgomea. Fundi simu wa karibu na stendi alikuwa amemshauri aiflashi, yaani afute kila kitu na kuanza upya.

Hatukuiflashi. Tulifungua Play Store, tukagusa sehemu moja ambayo hakuwahi kuigusa tangu anunue simu, na kabla chai haijapoa simu ilikuwa na giga nne za nafasi. Meseji, picha na namba za wateja wake vyote vilibaki palepale. Siku ile niliona ni vyema kuyaandika haya, kwa sababu watu wengi wanapoteza picha, bando na hata fedha kwa jambo ambalo simu yao inaweza kulimaliza yenyewe, bure.

Play Store ni nini hasa? Ni duka la programu lililomo katika karibu kila simu ya Android: Tecno, Infinix, Samsung, itel, Redmi na nyinginezo. Lilianza mwaka 2008 kwa jina la Android Market, na Machi 2012 likaitwa Google Play. Wengi tunalifahamu kama mahali pa kupakulia WhatsApp au programu ya benki, kisha tunalisahau. Lakini ndani yake kuna vyumba vingine: stoo, daftari la malipo na mlinzi wa mlangoni. (Wenye iPhone wana duka lao, hatua zake ni tofauti. Baadhi ya simu za Huawei za miaka ya karibuni nazo hazina Play Store.)

Unaanzia wapi? Fungua Play Store, utazame juu upande wa kulia. Kuna kiduara kidogo chenye picha yako, au herufi ya kwanza ya jina lako. Kiguse. Itafunguka orodha, na karibu kila nitakachoeleza hapa kimo humo. Mstari wa kwanza wa kuukumbuka ni ule wa kudhibiti programu na kifaa. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, ni ule unaoanza na neno Manage. Maneno hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, kwa hiyo ukiona neno si lilelile nililoandika, usiogope, soma maana yake.

Sasa tuitazame stoo. Ukiingia kwenye kudhibiti programu na kifaa utaona mstari unaoonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki. Hapo juu kuna kichupo cha pili, cha kudhibiti. Kiguse, upate orodha ya programu zote zilizomo kwenye simu, kila moja na ukubwa wake. Juu ya orodha kuna alama ya kupanga. Iguse uchague zipangwe kwa ukubwa, au kuanzia zile zinazotumika kidogo zaidi. Hapo ndipo jirani yangu alipotoa macho. Juu kabisa ya orodha yake kulikuwa na michezo mitatu ya mjukuu aliyekuja likizo mwaka jana, programu mbili za kuhariri picha, na moja ya tochi, wakati simu yenyewe ina tochi yake.

Kwenye kila programu kuna kisanduku kidogo pembeni. Weka alama ya vema kwenye zote usizozihitaji, kisha gusa alama ya pipa la taka iliyo juu. Zote zitaondoka kwa mkupuo mmoja, badala ya kuzifuta mojamoja kwa kubonyeza na kuburuta.

Na ile unayoitumia mara moja moja, lakini hutaki kuipoteza? Kwa hiyo kuna kazi ambayo mimi naiona ndiyo bora kuliko zote, nayo ni kuiweka programu kwenye kumbukumbu. Fikiria nguo za baridi. Huzitupi, unazikunja na kuzifungia sandukuni hadi msimu wake ufike. Programu ikiwekwa kwenye kumbukumbu, sehemu yake kubwa huondolewa, lakini alama yake hubaki kwenye simu, na taarifa zako za ndani hubaki pia. Ukiihitaji, unaigusa tu, inajipakua tena na unaendelea ulipoishia. Google ilipoitangaza njia hii mwaka 2022 ilisema inaweza kuokoa hadi asilimia 60 hivi ya nafasi ambayo programu inachukua.

Ili simu ifanye hivyo yenyewe, rudi kwenye kiduara, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya jumla, na uwashe kitufe cha kuweka programu kwenye kumbukumbu kiotomatiki. Kuanzia hapo, nafasi ikiwa ndogo na ukataka kupakua kitu kipya, simu itazikunja zile usizozigusa siku nyingi. Kuna mawili ya kuangalia. Kuirudisha programu kunahitaji intaneti, hivyo usiikunje leo ile utakayoihitaji kesho ukiwa shamba pasipo na mtandao. Pili, programu ikishaondolewa dukani na wenyewe, huwezi kuirudisha tena.

Ningependa pia usiichezee WhatsApp kabla hujahifadhi nakala ya mazungumzo, kazi unayoipata kwenye mipangilio ya WhatsApp yenyewe. Na programu za benki au za fedha za simu ziondoe tu kama unakumbuka namba yako ya siri, kwa sababu ukizirudisha zitakuuliza upya.

Swali la pili ninaloulizwa sana ni hili: bando langu linakwenda wapi? Mtu ananunua giga moja asubuhi, adhuhuri imekwisha, naye hakutazama hata video moja. Mara nyingi mlaji ni kusasisha, ambako wengi tunaita kuapdeti. Programu hujiletea marekebisho mapya, moja inaweza kula makumi ya mega, na zikifuatana kumi bando halina lake. Gusa kiduara, Mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao. Humo mna mambo matatu. La kwanza ni njia ya kupakulia: chagua iwe kwa Wi-Fi pekee, au simu ikuulize kila mara. La pili ni kusasisha kiotomatiki: chagua Wi-Fi pekee. La tatu ni video za matangazo zinazojichezea zenyewe dukani: zizime. Mabadiliko haya hayagharimu hata senti.

Lakini tafadhali usizime kusasisha moja kwa moja na kusahau. Marekebisho hayo mara nyingi huziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyapitia. Kama huna Wi-Fi nyumbani, chagua siku yenye bando la kutosha, ingia kwenye kudhibiti programu, usasishe kwa mkono zile muhimu: benki, fedha za simu, WhatsApp na kivinjari chako. Kuna pia programu moja moja unayotaka ibaki kama ilivyo. Fungua ukurasa wake ndani ya Play Store, gusa nukta tatu zilizo juu kulia, uondoe alama ya vema kwenye kusasisha kiotomatiki. Hiyo pekee itatulia.

Sasa mlinzi wa mlangoni. Kwenye orodha ya kile kiduara kuna mstari wa Play Protect. Ni mkaguzi aliyeingizwa mwaka 2017, anayezipitia programu za simu yako, hata zile ambazo hukuzipakua dukani. Ukimgusa utaona lini alikagua mara ya mwisho, na kitufe cha kumwambia akague sasa. Huchukua muda mfupi. Nakusisitizia hili kwa sababu kwetu programu nyingi hupita mkono kwa mkono: mtu anakurushia kwa Xender, au faili linaletwa kwenye kundi la WhatsApp likiwa limeishia na herufi apk, likiahidi mkopo wa haraka au kutazama mpira bure. Faili la namna hiyo halikupita kwenye kaunta ya duka. Na mtu akikuelekeza uzime kwanza Play Protect ndipo programu yake iingie, ishia hapo hapo. Usiiingize.

Mikopo ya simu inahitaji tahadhari yake peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni. Kwa Kenya, tangu Januari 2023 Google inadai uthibitisho wa leseni ya Benki Kuu ya Kenya kabla ya kuruhusu programu ya mkopo dukani kwake. Na tangu tarehe 31 Mei 2023 kanuni za duka zinazikataza programu za mikopo ya watu binafsi kuchukua orodha ya namba za simu na picha za mkopaji. Katazo hilo lina sababu. Watu wamedhalilishwa sana: umechelewa kulipa siku mbili, mama mkwe wako anapigiwa simu na mtu asiyemjua, bosi wako anatumiwa meseji. Namba hizo zilitoka kwenye simu ya mkopaji mwenyewe, kwa ruhusa aliyoitoa bila kusoma.

Utajuaje programu inataka nini kabla hujaipakua? Fungua ukurasa wake dukani, shuka chini hadi sehemu ya usalama wa data. Tangu mwaka 2022 kila mtengenezaji anatakiwa kueleza hapo anakusanya taarifa gani na kama anawapa wengine. Soma ukijua kwamba hayo ni maelezo ya mwenye programu. Kisha gusa sehemu ya kuhusu programu hii, ushuke hadi chini kabisa, ufungue ruhusa za programu. Kikokotoo kinachotaka kusoma meseji zako, au tochi inayotaka kujua uko wapi, hakina kazi nzuri na wewe. Kuhusu programu zilizokwisha kuingia, simu za Android hujitahidi zenyewe kuzinyang'anya ruhusa zile usizozitumia kwa miezi kadhaa. Kazi hii ilianza na Android 11, na baadaye ikafika hadi simu za zamani kuanzia Android 6.

Kwenye fedha nitapita haraka, maana wengi hawanunui kitu dukani humo. Ila kama umeunganisha kadi ya benki au njia nyingine ya malipo, jua kwamba kuifuta programu hakusimamishi malipo yake ya kila mwezi. Umejaribu kitu bure kwa siku saba, ukakifuta siku ya tatu, makato yanaweza kuja vilevile. Gusa kiduara, ingia malipo na usajili, fungua usajili, uufute humo. Ukinunua kwa makosa, ndani ya saa 48 unaweza kuiomba Google yenyewe ikurudishie. Zikipita, kwa kawaida utaelekezwa kwa mtengenezaji. Na kama watoto huchezea simu yako, ingia Mipangilio utafute uthibitishaji wa ununuzi, uweke simu iulize neno la siri au alama ya kidole kila mara kabla fedha haijatoka.

Nimebakiza jambo ambalo mafundi na wauza simu wengi hawamwambii mteja. Yote haya yamefungwa kwenye akaunti yako, ile anuani ya barua pepe inayoishia na gmail.com. Ukinunua simu mpya na kuingia kwa akaunti ileile, kwenye kichupo cha kudhibiti unaweza kubadili orodha ionyeshe programu ambazo hazimo kwenye simu hii, na zote ulizowahi kupakua zitajipanga mbele yako. Lakini ni wangapi tunaijua akaunti yetu? Wengi tulifunguliwa pale dukani siku ya kununua simu, muuzaji akabuni jina na neno la siri, akatukabidhi simu ikiwa tayari. Simu ikiibwa au ikiharibika, hatuna pa kuanzia.

Kwa hiyo leo gusa kile kiduara, usome anuani iliyoandikwa chini ya jina lako. Kisha fungua kudhibiti akaunti yako ya Google, ingia sehemu ya usalama, uangalie namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Kama ni ya muuzaji, au ni laini uliyoiacha zamani, weka yako unayoitumia sasa. Ukiulizwa neno la siri usilolijua, chagua umelisahau, ufuate maelekezo ukiwa bado na simu hiyo hiyo mkononi, maana ndipo inapokuwa rahisi kuthibitisha kwamba ni wewe.

Jirani yangu tulimkuta na anuani yenye jina la mtu mwingine kabisa na tarakimu nne mwishoni. Tulibadilisha jina la akaunti, tukaweka namba yake, akachagua neno la siri jipya. Kisha akatoa kwenye mkoba daftari lake la vipimo vya wateja, akafungua ukurasa wa mwisho, akainakili ile anuani polepole, herufi moja moja, akiniuliza kila mara kama ile nukta imo.