Tezi za Juu ya Figo Zilizonenepa

Swali: Dada yangu ana uvimbe mdogo katika tezi ya pituitari, na kotisoli yake imezidi mno. Sasa picha ya CT yaonyesha tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, zimenenepa zote mbili, na ya kushoto ina kinundu. Je, ikatwe?

Jibu: Ndugu yangu, poleni sana. Maadamu pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga homoni ya ACTH pasipo kiasi, na homoni hiyo ndiyo iziamrishayo adrenali kutoa kotisoli, si ajabu kwamba tezi zilizosukumwa hivyo usiku na mchana, miaka kwa miaka, hunenepa pande zote mbili na pengine kuota vinundu, ijapokuwa kwa wagonjwa wengine huonekana salama kabisa. Kinundu hicho, basi, aghalabu ni athari ya maradhi wala si asili yake, na hasara kubwa ni kukikata na kuiacha asili kichwani.

Ulizeni kipimo cha ACTH katika damu: isiposhuka, amri ingali yatoka kwenye pituitari; ACTH ikizimika, huenda kinundu kimeanza kujitegemea, nalo ni jambo la nadra. Tiba ya kwanza ni kuupasua uvimbe wa pituitari kupitia puani. Baadaye kotisoli huanguka, naye dada atameza haidrokotisoni badala yake kwa miezi, pengine kupita mwaka, asiikatize ghafula. Na homa ikimshika, dozi huongezwa kama daktari wake alivyoagiza.