Somo la Ntumba

Mgeni afikaye Ufipa masika yanapoelekea kwisha huona mashambani matuta ya duara. Hayo ndiyo ntumba. Mkulima hukata majani kwa jembe, huyakusanya, kisha huyafunika kwa udongo aliopindua. Majani huoza humo. Msimu ufuatao ntumba hutawanywa, ulezi ukapandwa. Hayachomi wala hayatupi, kwani kwake majani ni mbolea.

Mimi nayatazama mazoea vivyo hivyo. Bwenini kwetu twapenda mno mazungumzo ya usiku. Mtu akiapa kunyamaza, kiapo hakifiki Jumamosi (nimewaona wengi!). Mwaka huu twakabiliwa na mtihani wa Novemba, utakaoamua nani aendelee kidato cha tano. Basi sisi wanne hatukuapa, mazungumzo tumeyapindua. Kila usiku kabla ya taa kuzimwa, mmoja husimulia somo la siku, mathalani Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kama hadithi, nasi twamwuliza maswali. Ulimi ni ule ule, wala hatuoni kama tumejinyima kitu. Kwa Hesabu njia hii haijatufaa sana. Hesabu hutaka karatasi.